Hedifoni za Arusha: kutoka mahakamani hadi mezani kwako

Ukimuuliza mtu wa Arusha hedifoni ni za nini, atakujibu haraka: muziki. Na ana haki. Huu ni mji wa X Plastaz na wa Joh Makini, mji ambao kijana anaweza kukosa nauli lakini hedifoni anazo shingoni. Ila kazi nzito kuliko zote ambazo hedifoni zimewahi kufanya hapa mjini haikuwa ya muziki. Ilifanyika ndani ya jengo la AICC kuanzia mwaka 1997, ambako majaji, mawakili, washtakiwa na wageni wa lugha tofauti walivaa hedifoni ili wamwelewe shahidi mmoja anayezungumza Kinyarwanda.

Makala haya ni historia fupi ya hedifoni hizo. Mwishoni tutarudi nyumbani kwako, kwenye kompyuta yako, kwa sababu sehemu ya yaliyosemwa pale AICC sasa unaweza kuisikiliza mwenyewe ukiwa Sakina, Njiro au Usa River. Lakini kabla ya kuchomeka waya wowote, kuna jambo moja nataka ulibebe: hedifoni haikuletei sauti tu, inakuletea sauti ambayo kuna mtu ameichagua kati ya nyingine. Wakati mwingine mtu huyo ni wewe. Mara nyingi siye.

Mama yake ni simu

Hedifoni haikuzaliwa kwa ajili ya starehe. Ilizaliwa kazini, kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, ambako waunganishaji wa simu walihitaji kusikia huku mikono yao ikiwa huru kuchomeka na kuchomoa waya. Ile pini nene ya milimita 6.35 unayoiona kwenye magitaa na mashine za studio ilitoka huko huko. Ni kifaa cha zamani ambacho bado kinafanya kazi, na si vingi vya namna hiyo.

Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin, aliyekuwa akiishi Utah na kutengeneza vifaa vyake jikoni kwake, aliwapelekea wanamaji wa Marekani jozi ya hedifoni wazijaribu. Wakakuta zinasikika vizuri kuliko walizokuwa nazo, wakaagiza nyingine. Kwa miaka mingi baada ya hapo hedifoni zilibaki kuwa za wanamaji, marubani na mafundi wa redio. Muziki uliingia baadaye. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za stirio kwa ajili ya kusikilizia muziki nyumbani, na mwaka 1979 Sony wakatoa Walkman, ambayo iliipa umaarufu duniani kote ile pini ndogo ya milimita 3.5. Tundu hilo ndilo lililo kwenye kompyuta yako, kama bado linalo.

Kwa hiyo kuna koo mbili za hedifoni: ya kazi na ya starehe. Ya Arusha tunayoizungumzia ni ya kazi, na babu yake yuko Ujerumani.

Nuremberg, 1945

Kesi ya viongozi wa Wanazi ilipofunguliwa Nuremberg tarehe 20 Novemba 1945, lugha zilikuwa nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Kama kila sentensi ingesemwa, ikatafsiriwa, kisha ikatafsiriwa tena na tena, kesi ingechukua mara nne ya muda wake. Suluhisho lilitoka IBM: mfumo wa waya, vipaza sauti na hedifoni, wenye swichi ya kuchagua chaneli kwenye kila kiti. Chaneli ya kwanza ilikuwa sauti halisi ya ukumbini, yaani mzungumzaji mwenyewe bila mkalimani. Nyingine nne zilikuwa za lugha nne.

Wakalimani walisikiliza kwa hedifoni na kutafsiri papo hapo. Mzungumzaji akienda mbio, taa ya njano iliwaka kumtaka apunguze mwendo. Mambo yakiharibika, iliwaka nyekundu na kila kitu kikasimama. Fikiria mahakama kubwa kuliko zote za wakati ule ikisimamishwa na taa ndogo kwa sababu waya umekatika. Sheria yote ilikuwa inaning'inia kwenye mfumo wa sauti.

Hiyo swichi ya chaneli ikumbuke. Ndiyo moyo wa hadithi yetu.

Arusha: mahakama inayosikia kwa hatua mbili

AICC lilijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Likabaki na majengo yake matatu marefu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, likawa kituo cha mikutano. Tarehe 4 Agosti 1993, hapa Arusha, Serikali ya Rwanda na RPF walitia saini makubaliano ya amani. Miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaunda mahakama ya kimataifa ya kushughulikia mauaji hayo kwa azimio namba 955, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha.

Lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Lugha ya wengi waliokuja kutoa ushahidi ilikuwa Kinyarwanda. Umeshaona tatizo linapoanzia.

Kesi ya kwanza kusikilizwa ilikuwa ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba. Ilianza Januari 1997 mbele ya Jaji Laïty Kama wa Senegali, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mnyarwanda. Shahidi alisema jambo kwa Kinyarwanda, likatafsiriwa kwa Kifaransa, kisha mkalimani mwingine akakisikiliza kile Kifaransa na kukigeuza Kiingereza. Aliyechagua chaneli ya Kiingereza alikuwa anasikia mwangwi wa mwangwi.

Na si kwamba majaji hawakujua. Katika hukumu yao ya tarehe 2 Septemba 1998 walieleza wazi hatari ya njia hiyo. Walisema kwamba pale kumbukumbu za Kiingereza na za Kifaransa zilipotofautiana, walifuata za Kifaransa, kwa kuwa zilikuwa hatua moja karibu zaidi na shahidi. Na pale neno lenyewe lilipokuwa na uzito katika uamuzi, waliliandika kwa Kinyarwanda ndani ya hukumu.

Ukiwa mtu wa sayansi utaielewa mantiki hiyo mara moja. Kila hatua ambayo ishara inapita huongeza kelele. Ukiwa na nakala mbili, chukua ile iliyopita hatua chache.

Maneno manne

Sasa tuone kwa nini hili halikuwa suala la kiufundi tu. Hati ya kwanza ya mashtaka ya Akayesu haikuwa na shtaka la ubakaji. Kesi ikiwa imeshaanza, shahidi aliyetambulishwa kwa herufi J alisimulia jinsi binti yake mdogo alivyobakwa. Baadaye shahidi H akaeleza yaliyompata yeye mwenyewe. Juni 1997 hati ikarekebishwa na mashtaka ya ukatili wa kingono yakaongezwa. Hukumu ilipotoka, Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na kwa mara ya kwanza mahakama ya namna hiyo ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Yote hayo yalitegemea kitu kimoja: je, mashahidi walisema nini hasa? Walitumia maneno tofauti: gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. Kwenye hedifoni yote yalifika kwa neno moja, lile la kubaka. Majaji walilazimika kusimama na kuyachambua moja baada ya jingine. Wakaridhika kwamba kwa namna mashahidi walivyoyatumia, na kwa mazingira waliyoyaeleza, tafsiri ilikuwa sahihi.

Wewe unayesoma Kiswahili una faida ndogo hapa ambayo majaji wale hawakuwa nayo. Ku ngufu huhitaji kutafsiriwa, ni kwa nguvu. Kuryamana ni kulala pamoja, neno la staha, kama yale ambayo mama zetu hutumia wanapoepuka kutaja jambo zito. Lakini usijiamini sana. Gufata si kufuata, ni kushika, kukamata. Na inyenzi, tusi walilotupiwa Watutsi, ni mende, wala si nyenje wetu anayelia usiku. Lugha ni ndugu, ila ndugu wanaweza kukupoteza njia.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haiwezi kulibeba. Kinyarwanda ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, na maandishi ya kawaida hayaoneshi toni hizo. Kumbukumbu zilizochapwa zinakupa herufi. Kusita, kushusha sauti, kimya kabla ya neno, vyote viko kwenye sauti tu.

Baada ya kesi za mwanzo, wakalimani wa Kinyarwanda nao waliingia vibandani kutafsiri papo hapo. Mahakama hiyo ilishtaki watu 93 na kusikiliza mashahidi zaidi ya 3,000 hadi ilipofungwa Desemba 2015. Mara nyingine ushahidi wenyewe ulikuwa sauti. Katika kesi ya vyombo vya habari, iliyotolewa hukumu tarehe 3 Desemba 2003, kanda za matangazo ya redio RTLM zilisikilizwa, zikaandikwa neno kwa neno na kutafsiriwa. Kila dakika ya kanda ya namna hiyo ilihitaji mtu wa kukaa nayo masikioni, kurudisha nyuma na kusikiliza tena.

Kutoka ukumbini hadi nyumbani

Kazi zilizobaki zilirithiwa na chombo kinachoitwa Mechanism, chenye ofisi zake Lakilaki, nje kidogo ya mji, na kumbukumbu za mahakama ziko chini yake. Kanda za mikutano ya mahakama zilibadilishwa kuwa za kidijitali, sehemu za siri zikaondolewa ili kuwalinda mashahidi, na rekodi zilizo wazi zinapatikana kupitia hifadhidata yake mtandaoni.

Zamani jambo hili lisingewezekana nyumbani kwa Mtanzania. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Hata huko zilikoruhusiwa, kompyuta za nyumbani zilijua kutoa milio tu. Kadi kama Sound Blaster ya Creative, kampuni ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989, ndizo zilizoifundisha kompyuta ya kawaida kutoa sauti ya mtu. Leo kazi hiyo inafanywa na kijisehemu kidogo ndani ya kompyuta mpakato: kinachukua namba, kinazigeuza kuwa umeme unaotikisika, amplifaya ndogo inaukuza, na hedifoni inausukuma kuwa hewa inayotikisika sikioni. Namba, kigeuzi, amplifaya, sikio. Kila hatua inaweza kuongeza kelele, kama ule ukalimani wa kupokezana. Basi tuzipange.

Kwanza, chagua hedifoni zinazofunika sikio na zilizofungwa nyuma. Sababu ya kwanza ni mabati. Masika ikigonga paa, spika yoyote inapoteza, na ukiongeza sauti unaumiza masikio. Sababu ya pili ni watu wa nyumbani. Huu si ushahidi wa kumiminika sebuleni watoto wakila, wala wa kupenya ukutani kwa mpangaji wa chumba cha pili.

Pili, usinunue usichohitaji. Hedifoni nyingi za kawaida zina ukinzani wa omu 16 hadi 32 hivi, na kompyuta yoyote inazisukuma. Zile za studio zenye omu 250 au 300 zitakupa sauti hafifu hadi uongeze amplifaya. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, hedifoni rahisi yenye omu chache inatosha kabisa.

Tatu, chomoa chaja. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na nyumba nyingi hazina waya wa ardhini unaofanya kazi. Ukigusa bati la kompyuta ikiwa kwenye chaja na kuhisi kama unatekenywa, ujue kuna umeme mdogo unatafuta pa kwenda, na njia mojawapo ni waya wa hedifoni. Unausikia kama mvumo wa chini chini. Sikiliza kwa betri, mara nyingi mvumo unaisha. Ukibaki mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya, hiyo ni kelele ya ndani ya kompyuta yenyewe. Kigeuzi kidogo cha nje cha kuchomeka kwenye USB kwa kawaida kinaupunguza.

Nne, kama unatumia Bluetooth, angalia kompyuta imechagua nini. Hedifoni moja yenye maiki inaweza kuonekana kama vifaa viwili, kimojawapo kikiwa kimeandikwa "Hands-Free". Ukichagua hicho, kwenye hedifoni nyingi sauti inabanwa iwe kama ya simu. Simu ya zamani ilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu. Ubongo unaweza kuukisia msingi wa sauti uliokatwa chini, lakini herufi kama "s" na "f" zina nguvu yake kubwa juu ya hapo. Ndiyo maana kwenye simu mbovu "fumbua" na "sumbua" huwa neno moja. Kwenye ushahidi hiyo si tofauti ndogo.

Tano, zima vionjo vyote: besi ya ziada, sauti ya ukumbi, na vyote ambavyo kompyuta inaviita maboresho. Besi iliyokuzwa hufunika konsonanti. Na rekodi ikitoka sikio moja tu, usikimbilie kwa fundi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti uwashe mono, ile sauti moja igawiwe masikio yote.

Swichi iko mkononi mwako

Hapo kompyuta yako imekuwa kiti cha mahakamani, na swichi ya chaneli unayo wewe. Ukipata rekodi yenye sauti ya ukumbini, anza na hiyo hata kama Kinyarwanda hukijui. Dakika tano tu. Msikie mtu kabla hujasikia tafsiri yake.

Ukipata na ya mkalimani, unaweza kuziweka pamoja kwa programu ya bure kama Audacity: sauti ya ukumbini sikio la kushoto, ya mkalimani sikio la kulia. Ila ujue mipaka ya kichwa chako. Mwaka 1953 Colin Cherry aliwapa watu maneno tofauti kila sikio, akawaambia wafuate upande mmoja. Upande wa pili walijua kuna mtu anaongea, lakini hawakuweza kueleza alichosema. Kwa hiyo usitegemee kuyashika yote mawili kwa mara moja. Ipunguze sauti ya mkalimani iwe kama mtu anayekunong'oneza. Utasikia pia kwamba anachelewa sekunde chache nyuma ya shahidi, na kwamba sauti yake haitetemeki pale ya shahidi inapotetemeka. Hilo si kosa lake, ndiyo kazi yake ilivyo.

Kuhusu masikio yenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa rekodi hizi, hata saa moja kwa siku ni nyingi, na sababu haitakuwa desibeli. Usisikilize usiku ukiwa peke yako kama unajua mambo haya yanakuelemea, na usikate vipande vya kurusha kwenye makundi ya WhatsApp. Wengi waliozungumza pale walifichwa majina na nyuso kwa sababu maalumu, na wengine wana majirani hadi leo.

Ukitaka pa kuanzia, anza na hukumu ya Akayesu. Isome kwanza ile sehemu inayohusu lugha na tafsiri, ni aya chache tu, kisha uvae hedifoni. Utajua majaji walikuwa wanahangaika na nini.